Mama Baharia na Kamba ya Karani

9 Juni

Mwanangu, kitindamimba wangu,

Pokea salamu za mwezi huu pamoja na za mwezi uliopita, maana barua yako ya Mei sikuijibu. Nilibanwa na kazi. Sare za shule zimejaa mpaka kitandani, nalala na kola na vifungo. Mimi mzima, tukiliacha goti. Dada yako mzima, na mtoto wake ameota meno mawili, anauma kila kitu, hata bibi yake. Cherehani ilianza kuruka uzi, nikaipiga kofi, ikatulia.

Wewe je? Unakula? Wanasema huko baridi inatoka sakafuni. Dada yako atakuletea soksi nene, usigawe.

Sasa jambo lenyewe. Mbwa wako.

Tangu yule rafiki yako wa gereji amshushe Karani mlangoni kwangu, sina raha. Ndani ya nyumba simlaumu. Ana adabu kuliko watu kadhaa ninaowajua. Analala chini ya meza ya kukatia vitambaa, na akitaka nipumzike anaweka kichwa juu ya pedali ya cherehani. Lakini nikimfunga kamba tukatoka nje, si Karani tena. Jumanne aliona baiskeli ya muuza maziwa akaifuata, na mimi nikamfuata yeye, kwanza kwa miguu, halafu kwa magoti. Tuliishia mbele ya lango la shule, watoto wanatoka. Watoto wale sare zao nimeshona mimi. Walicheka wote. Sketi yangu ilikuwa imepanda mpaka mahali ambapo hata daktari huomba ruhusa. Nilitamani ardhi ipasuke, haikupasuka.

Mama Mwenye Nyumba alikuwa mlangoni, huyo hakosi. Akasema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Alikuwa anamsema mbwa. Najua alikuwa anamsema mbwa. Lakini niliingia ndani nikafunga mlango na dirisha.

Jioni akaja akaniambia kwa upole, na upole wake ndio unaouma, kwamba ananipa mpaka mwisho wa mwaka. Mbwa akijua kutembea mbele ya watu, abaki. Asipojua, aondoke, maana wapangaji wengine wana watoto wadogo. Sikubisha.

Uliniandikia kwamba katika miaka yako yote ya huko gerejini, Karani ndiye pekee uliyemlea vizuri, na kwamba ukitoka utarudi nyumbani kwa ajili yake. Nilisoma "kwa ajili yake" mara mbili. Basi nifundishe. Akiondoka yeye, sijui nitakurudisha kwa kitu gani.

Mama yako

Usishangae muhuri wa posta si wa hapa. Posta ya hapa ina foleni.


Gerezani, 27 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo. Wamenihamishia karakana ya useremala, tunatengeneza madawati, na vidole vyangu vyote kumi bado ninavyo. Soksi zimefika. Jamaa wa kitanda cha juu, ambaye kwao alikuwa fundi bomba, ameziomba azivae Jumapili tu. Nimemkatalia kama ulivyoagiza. Msalimie Dada, mbusu mtoto, jihadhari na meno.

Nilipofika kwenye magoti nilicheka. Halafu nikaona aibu, kwa sababu magoti ni yako na mbwa ni wangu. Kosa si la Karani. Kule gerejini hakuwahi kujua kamba, alizurura uani kati ya malori siku nzima na kukagua kila anayeingia, ndiyo maana wakamwita Karani. Kwake kamba ni kitu cha kuvuta, kama vile ng'ombe na jembe.

Anza mahali pasipo na cha kutazama. Chumbani, mlango umefungwa. Chemsha ini, likate vipande vidogo kama punje za mahindi, tia mfukoni. Karani akae kushoto kwako, karibu na paja. Piga hatua. Akibaki pajani, mpe ini hapo hapo pajani. Usimpe mbele, maana unapompa ndipo atakapokwenda. Akivuta, simama. Usimvute, usimgombeze, usimhubirie. Simama kama mtu aliyesahau alikuwa anakwenda wapi. Kamba ikilegea, endelea. Mwishowe ataelewa kwamba kamba ikikaza safari inakatika. Na kamba usiizungushe mkononi hata siku moja, utavunjika kifundo.

Ili nisikukoseshe, nilijaribu kwanza uani hapa. Fundi bomba alijitolea kuwa mbwa. Alivuta vizuri mno. Afande mmoja alitutazama muda mrefu akaondoka bila kuuliza, na nadhani ile ndiyo siku niliyoheshimika kidogo kuliko zote, ukiacha siku ya hukumu.

Mkishakiweza chumba, nendeni ukumbini, kisha uani, kisha barabarani. Usiruke darasa.

Dada alisema labda siku moja utakuja siku ya wageni. Sikulazimishi. Nauliza tu.

Mwanao


20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Afya ipo. Mtoto wa dada yako ameota jino la tatu. Mimi nimemaliza sare za wavulana, zimebaki sketi. Mwambie fundi bomba asante, lakini soksi ni zako.

Karani amekiweza chumba. Sikutegemea. Siku ya kwanza tulifika kutoka kabatini mpaka kitandani kwa muda wa kupika maharage. Nilisimama, akanitazama kama mtu anayesubiri mwenzake atafute miwani. Nikaona upuuzi wa mimi mtu mzima kusimama katikati ya chumba na ini mfukoni. Lakini siku ile ile jioni alikuja pajani mwenyewe. Ukumbini wiki moja, uani wiki moja. Mama Mwenye Nyumba alipita na ndoo, Karani akamtazama, akanitazama, akala ini. Mama Mwenye Nyumba akasema "Hm." Kwa mwanamke yule hiyo ni hotuba.

Barabarani tunatoka alfajiri, kabla watu hawajaamka. Anatembea vizuri ajabu. Nimeona mitaa ambayo sijawahi kuiona, yote mitupu. Shida ni mtu akitokea. Hapo anaruka. Kwa hiyo nikimwona mtu kwa mbali tunakata kona, tunapita uchochoro wa nyuma penye mapipa ya taka. Nimekuwa mwenyeji wa mapipa.

Kuhusu siku ya wageni, goti bado.

Mama yako


Gerezani, 8 Agosti

Mama,

Shikamoo. Afande anayekagua barua ameanza kuniuliza Karani amefikia wapi. Nilimwambia ukumbi umepita, akasema "safi." Najua hutafurahi kwamba mtu mgeni anasoma mambo ya sketi yako, lakini ndivyo kulivyo.

Poleni na kazi ya sketi. Madawati yetu yamekataliwa, yalikuwa yanayumba. Tunarudia.

Mama, mbwa anayefundishwa pasipo na watu atajua kutembea pasipo na watu. Ulichofanya ni kizuri, lakini sasa umekwama, na uchochoro wa mapipa hautakupeleka popote. Watu ndio darasa lenyewe.

Kila kitu kina umbali wake. Baiskeli ikiwa mbali, Karani anaiona na bado anakusikia. Ikikaribia mno, masikio yanaziba. Wewe kaa pale anapokusikia, hata kama ni ng'ambo ya barabara. Akiitazama kisha akakugeukia, hata kidogo tu, ini. Kesho sogea hatua chache. Akishindwa, rudi nyuma mlipoweza, hakuna atakayewacheka. Mwache anuse ukuta mara moja moja, naye ana habari zake za kusoma.

Na nifanyie jambo moja. Siku akiruka, niandikie kilichotangulia, kile kilichotokea kabla hajaruka, hata kikiwa kidogo. Kuruka kwenyewe nimeshakuelewa. Nani alikuwepo, alisema nini, mkono wako ulikuwa wapi.

Goti lako ulilipeleka kwa daktari?

Mwanao


2 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Goti limeonwa, ni uzee. Dada yako ana mafua, mtoto amempa na mtoto mwenyewe amepona. Madawati yakiyumba tena, msingizie fundi bomba.

Tumeacha alfajiri. Sasa tunatoka saa watu wanapotoka, na ini nanunua kwa wingi mpaka najiuliza nani anakula vizuri humu ndani. Baiskeli ameiweza kutoka ng'ambo. Watoto wa shule amewaweza, ingawa wao wanapiga kelele "Bibi, leo hutambai?" nami najifanya sijasikia. Paka wa mwalimu mstaafu bado, lakini paka yule hata mimi ananichokoza.

Umeuliza kinachotangulia. Nakuandikia ya jana kama yalivyokuwa. Tulikuwa tunapita mbele ya bucha, lakini upande wa pili wa barabara. Kamba imelegea. Karani yuko pajani. Nikamwona muuza nyama anafuta meza yake. Alikuwa hajaniona. Nikazungusha kamba mkononi, najua umenikataza, nikaizungusha tena. Karani akasimamisha masikio. Ndipo muuza nyama akainua kichwa akapaza sauti, "Mama Baharia! Meli imefika wapi leo?" na Karani akaruka, nusura anitupe mtaroni.

Sijui kwa nini amemchukia muuza nyama. Mtu mwenyewe mpole, na siku zote huniongezea mfupa.

Mama yako


Gerezani, 30 Oktoba

Mama,

Shikamoo. Nimechelewa. Barua yako ilifika siku nyingi, mimi ndiye niliyekaa nayo. Dada aliniambia amepona, nashukuru.

Karani hamchukii muuza nyama. Soma ulivyoandika. Ulizungusha kamba kabla mtu hajasema neno. Karani anausoma mkono wako. Ukikaza, anajua kuna hatari mbele, na kwa kuwa anakupenda anairukia kabla haijakufikia. Legeza mkono, pumua, mwite kwa jina. Hilo ni la mbwa.

La pili si la mbwa. Baharia ni mimi?

Fundi bomba alichungulia barua begani kwangu akacheka, "Kumbe tunaishi na nahodha." Nikacheka naye. Halafu nilikwenda karakana nikaupiga randa ubao mmoja mpaka ukabaki maganda tu sakafuni. Afande akauliza hilo lilikuwa dawati au nini. Nikachukua ufagio.

Sasa naelewa posta yenye foleni, na kona za uchochoro, na goti. Sikulaumu, Mama. Mimi nilikuwa mtunza stoo nikauza matairi niliyopewa niyatunze. Ningekuwa na mwana kama mimi, ningempeleka mbali kuliko bahari. Niambie tu meli yenyewe ni kubwa kiasi gani, nisije nikaulizwa nikakosea.

Mwanao


12 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, na naomba usiniamkie kwa ubaridi ule, hata kwenye karatasi niliusikia.

Habari za nyumbani sitaziandika leo, wote wazima.

Sikujua nimeandika neno lile mpaka nilipolisoma kwako. Mkono umelizoea. Naitwa hivyo kila siku.

Lilianza dogo. Siku Karani aliposhushwa kwenye lori, Mama Mwenye Nyumba aliuliza mwenye mbwa kaenda wapi. Nilitaka kusema ukweli, midomo yangu ikasema umepata kazi melini. Nilidhani litaishia hapo. Lakini watu wakifurahi kwa ajili yako wanauliza maswali, na swali halijibiwi kwa "hm." Muuza nyama aliuliza unafanya kazi gani humo, nikasema jikoni. Akauliza mnaona nini huko, nikasema nyangumi. Mwanangu, nilimsimulia nyangumi mpaka akaacha kukata nyama. Jinsi alivyoinuka kando ya meli, jinsi ulivyomwagikiwa na mchuzi kwa kushtuka. Nilijisikia mama wa mtu. Nilifika nyumbani nikakaa juu ya ndoo nikaona haya hata mbele ya mbwa.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi nimeitembea mwaka mzima, ndiyo maana naumwa goti.

Na goti lenyewe haliumi kiasi hicho. Nilikuja huko. Mwezi wa tisa, siku ya wageni, nilipanda basi, nikashuka, nikasimama ng'ambo ya lango nikiwa na mkate wako kwenye mfuko. Foleni ilikuwa ndefu. Katikati yake nikamwona mama mmoja ambaye mimi huwashonea binti zake. Tukaonana. Akageuza uso, na mimi nikageuza. Nadhani aliogopa mimi nisimwone kama nilivyoogopa yeye asinione. Yeye lakini alibaki kwenye foleni. Mimi nilipanda basi la kurudi. Mkate nilimpa Karani.

Sasa umejua mama yako ni mtu wa namna gani. Wewe uliuza matairi ya watu. Mimi nilimkana mwanangu buchani, na nikaongezewa mfupa.

Baada ya barua yako nilikwenda nimwambie muuza nyama. Nilisimama mbele ya meza yake. Akasema, "Karibu Mama Baharia." Nikanunua kilo mbili za nyama nisiyoihitaji nikaondoka. Kesho yake nikarudi, nikanunua utumbo. Dada yako anauliza tunaandaa karamu gani.

Mama yako


Gerezani, 1 Desemba

Mama,

Shikamoo kwa moyo wote, isiwe na ubaridi.

Nimeisoma ya lango mara nyingi. Siku ile nilikuwa karakana, kama hatua mia kutoka hapo. Nilikuwa napaka gundi. Basi.

Usimwambie muuza nyama. Usimwambie mtu. Nakuomba. Wewe una cherehani na wateja na mahali pa kukaa, na heshima ya fundi haishonwi upya ikishachanika. Wamenipa tarehe, natoka nne Machi. Fundi bomba anatoka wiki hiyo hiyo, kwao kuna kazi ya mabomba na amesema nitapata pa kulala. Nitakwenda naye. Wewe waambie mkataba wa meli umeongezwa. Karani, kama mwisho wa mwaka hajaweza, mpe Dada. Kama ameweza, mpe Dada vilevile, asije akakaa hapo kila mtu akimwona anauliza mwenyewe yuko wapi.

Nikitaka sana kukuona nitakuja kwa basi la mwisho, nitakaa kidogo, nitaondoka watu hawajaamka. Uchochoro wa mapipa utatufaa.

Sijakasirika. Naona hii ndiyo njia ambayo hakuna atakayecheka.

Mwanao


23 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, na tena marahaba. Sote wazima. Mtoto anatembea, anaanguka, anamlaumu Karani. Barua hii naiposti posta ya hapa hapa. Karani wa posta, yule binadamu, ni jirani yetu wa mlango wa tatu. Atasoma neno Gereza juu ya bahasha. Asome.

Nakueleza mambo yalivyokwenda, hata yale ambayo hayakwenda.

Jumamosi nilimfunga Karani kamba, nikatia ini mfukoni, nikatoka mchana wa jua kali, barabara kubwa, siku ya watu wengi. Baiskeli zikapita, akanitazama. Watoto wakapita. Paka wa mwalimu mstaafu alikuwa juu ya ukuta. Karani akavuta, nikasimama, akavuta tena, nikasimama tena, watu wakatuzunguka kama maji na jiwe. Akalegea. Tukaendelea. Sikuvuka ng'ambo.

Muuza nyama akaniita kama anavyoniita. Mkono ulitaka kuzungusha kamba, nikaukataza. Karani alikaa kitako pembeni yangu. Bucha lilikuwa na wanunuzi wanne au watano. Nikasema, "Mwanangu si baharia. Amefungwa. Aliuza matairi ya kazini kwake."

Sauti ilitoka kubwa mno, kama ninatangaza bei.

Muuza nyama akashusha kisu. Akasema, "Kwa hiyo meli..."

"Hakuna meli."

"Na yule nyangumi?"

"Hata nyangumi."

Akanitazama, na mwanangu, uso wake sitausahau. Akasema, "Mama, mimi nyangumi yule nimewasimulia wanangu. Kila wakitaka kulala wanamtaka nyangumi." Kufungwa kwako hakukumgusa hata kidogo. Nyangumi ndiye aliyemuumiza. Nilijiandaa kwa dharau, nikapata mtu aliyehuzunika, na dharau ningeiweza zaidi. Kamba ikaniponyoka ikaanguka chini. Mguu wa ng'ombe ulikuwa unaning'inia karibu na pua ya Karani. Aliutazama. Akanitazama mimi. Nikammwagia mfuko wote wa ini pale pale sakafuni mwa watu, nikaokota kamba, tukarudi nyumbani polepole kwa barabara ile ile.

Sasa hasara. Muuza nyama haniiti kwa jina lolote, ananipimia na kunirudishia chenji, mfupa hakuna. Mwalimu mkuu amepeleka sketi za muhula ujao kwa fundi mwingine. Hakusema sababu, nami sikuuliza. Mpangaji wa mbele amenunua kufuli. Siku mbili sikutoka, nilikaa na cherehani bila kushona. Uliniambia hii heshima haishonwi upya. Ni kweli, huwa inatiwa kiraka tu, na kiraka kinaonekana.

Mama yule wa foleni alinigongea mlango juzi. Alileta gauni la kupunguza, halina haja ya kupunguzwa. Alikaa akanywa chai. Mumewe. Miaka mitano. Hatukusema mengi, lakini alinieleza siku za wageni ni zipi na foleni inaanza saa ngapi, na kwamba mkate unaruhusiwa ukiwa umekatwa.

Mama Mwenye Nyumba amekuja jana na uso wake wa mwisho wa mwezi. Akamtazama Karani, Karani akamtazama yeye. Akasema, "Mbwa abaki." Nikashukuru. Akabaki amesimama. Akauliza unatoka lini. Nikamwambia nne Machi. Nikasubiri aseme. Akasema, "Mwambie hapa geti linafungwa saa nne usiku, mimi sifungulii mtu." Akaenda zake. Kwa hiyo hesabu yake ni kwamba utakuwa unaishi hapa. Sikumsahihisha.

Sharti la mbwa nimelitimiza. Bado wewe.

Kwa fundi bomba huendi. Mshukuru, mwambie una kwenu. Basi la mwisho hulipandi. Utapanda la saa nne asubuhi, utashuka kituo cha sokoni, ambako kila mtu hushukia. Nitakuwa hapo na Karani. Tutapita barabara kubwa. Watu watatazama, wengine watanong'ona, wengine watasema waziwazi. Hatutakata kona.

Kabla ya hapo nakuja siku ya wageni ya kwanza ya Januari. Nitapanga foleni na yule mama.

Nakwambia mapema jambo moja ili usilione usoni mwangu ukaumia. Aibu haijaondoka. Nilidhani nikisema itaondoka, nimesema, ipo. Pale sokoni nitaona aibu kukupokea, itanipanda mpaka masikioni, na wewe utaiona kwa sababu wewe ni mwanangu na unanijua. Usidhani sikutaki. Nitaona aibu, na nitakushika mkono mbele yao wote.

Mama yako